Mtoto au ndugu? Njia mbili za kumweka mtegemezi kwenye ritani ya kodi ya Marekani

Msimu wa kodi ukifika, magrupu ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Marekani hujaa swali moja lenye sura nyingi. Namlisha mama, naweza kumweka kwenye kodi? Mdogo wangu anasoma chuo na analala kwangu, yeye je? Mwanangu yuko kwa bibi yake Arusha na kila mwezi natuma hela, si mtegemezi wangu huyo? Halafu majibu huanza kumiminika. Mmoja anaapa alimweka shemeji yake na hakuna aliyemuuliza, mwingine anasema shemeji haiwezekani hata kwa dawa. Mara nyingi wote wawili wana ukweli wao, ila kila mmoja anazungumzia njia yake.

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, kifungu cha 152, inatambua wategemezi wa aina mbili tu: mtoto anayestahiki na ndugu anayestahiki. Usiyashike majina hayo sana. Mdogo wako wa tumbo moja anaweza kuingia kwa njia ya mtoto, na mwanao wa kumzaa akishatimiza miaka 24 anaweza kubaki na njia ya ndugu peke yake. Kila njia ina masharti yake na faida zake, na tofauti ya hela kati ya hizo mbili ni kubwa. Ndiyo maana inafaa kuzilinganisha kabla hujakaa mbele ya anayekufailia.

Takwimu zote humu ni za mwaka wa kodi 2025, yaani ritani (fomu za kodi ya mwaka) zinazofailiwa, au kuwasilishwa, mwanzoni mwa 2026.

Geti la kwanza ni moja kwa wote

Kabla ya kuuliza ni mtoto au ndugu, kuna masharti ambayo kila mtegemezi lazima ayapite. Wewe mwenyewe usiwe mtegemezi wa mtu mwingine. Unayemweka asiwe amefaili ritani ya pamoja na mume au mke wake, isipokuwa kama walifaili tu ili warudishiwe hela iliyokatwa kwenye mshahara. Awe na namba: ya Sosho Sekyuriti, au ITIN, ile namba ya kodi ya mtu asiyestahili Sosho. Mume au mke wako, hata kama hana kazi na unamlisha wewe, hawi mtegemezi. Yeye mnafaili naye kama wanandoa.

Sharti linalowakata wengi wetu ni la ukaazi. Mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkaazi wa Marekani kwa macho ya kodi, au mkaazi wa Kanada au Meksiko. Mama aliyeko Kisumu, Bukavu au Tanga, hata ukimgharamia kila kitu kuanzia unga hadi dawa za presha, hapiti hapa. Risiti za M-Pesa na za Western Union hazisaidii kitu. Mama huyohuyo angekuwa mkaazi wa Toronto, angalau geti hili angelipita. Anayeona si haki apeleke malalamiko kwa mbunge wake wa Congress, kwa sababu anayekufailia hana la kufanya.

Ukaazi wa kodi hautegemei grinikadi peke yake. Asiye na grinikadi huhesabiwa siku alizokaa nchini: angalau siku 31 mwaka huu, na jumla ya siku 183 ukichukua siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana na sehemu ya sita ya zile za mwaka juzi. Tuseme mama yako huja kwa visa ya matembezi. Mwaka 2025 alikaa siku 150, 2024 siku 90, 2023 siku 60. Hesabu yake ni 150 jumlisha 30 jumlisha 10, jumla 190, kwa hiyo amevuka. Asingekuja mwaka 2023 angebaki na 180 na angekwama. Kuna vighairi kwa mtu ambaye makao yake hasa bado yako nchi nyingine, na kuomba ITIN ya mtegemezi (fomu W-7) kuna ukali wake: pasipoti yake lazima ionyeshe tarehe ya kuingia Marekani, la sivyo haitoshi peke yake. Mwenye hesabu ya namna hii asifaili kwa kubahatisha.

Kwa wanafunzi walioingia na visa ya F, siku zao kwa kawaida hazihesabiwi kwa miaka 5 ya kalenda, na hali ni hiyohiyo kwa wake, waume na watoto waliowafuata. Wengi wao hufaili fomu ya wasio wakaazi, na kwenye fomu hiyo karibu hakuna nafasi ya wategemezi kwa mtu wa Afrika Mashariki.

Aliyepita hapo, sasa mpime kwa vigezo vitano: ni nani kwako, ana umri gani, analala wapi, anaingiza kiasi gani, na nani anamgharamia. Vigezo ni vilevile kwa njia zote mbili. Kinachobadilika ni uzito wa kila kimoja.

Ni nani kwako

Njia ya mtoto inachukua mwanao wa kumzaa, wa kambo, wa kuasili, au wa kulelewa aliyekabidhiwa kwako na mahakama au wakala anayetambuliwa. Inachukua pia kaka na dada zako, wa baba na mama au wa mzazi mmoja au wa kambo, pamoja na wanaotokana na hao wote: wajukuu, na wapwa zako kwa kaka au dada. Hapa watu wengi hupoteza hela bila kujua. Mtoto wa dada yako anayeishi kwako na kusoma shule ya mtaani kwenu anaweza kuwa "mtoto" wako kwa kodi, bila karatasi za kuasili.

Binamu hayumo. Wala mtoto wa rafiki uliyempokea kwa wema wako, ikiwa hakuna mahakama wala wakala aliyekukabidhi.

Njia ya ndugu ni pana zaidi. Inawachukua wote wa njia ya kwanza, halafu inaongeza wazazi, babu na bibi, wazazi wa kambo, wajomba, mashangazi, wakwe na mashemeji. Hao wote wako kwenye orodha ya jamaa, na jamaa wa orodha hahitaji hata kuishi nyumbani kwako. Asiye kwenye orodha, awe binamu, mchumba au yatima wa jirani, anaweza kukubaliwa kwa sharti moja gumu: awe mmoja wa watu wa nyumba yako mwaka mzima.

Uangalifu unahitajika kwa ukoo wetu mpana. Mama mdogo aliyezaliwa tumbo moja na mama yako ni wa damu, yumo. Mama mdogo ambaye kwa kweli ni binamu ya mama, uliyezoea kumwita hivyo tangu utotoni, hayumo. Mke wa mjomba wako naye hayumo, hata kama ndiye aliyekulea. Watu hawa wakiishi kwako mwaka mzima wanaweza kuingia kama watu wa nyumba, si kama jamaa.

Umri

Njia ya mtoto inabana. Hadi tarehe 31 Desemba awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 ikiwa ni mwanafunzi wa muda wote kwa angalau sehemu ya miezi 5 ya mwaka. Tena awe mdogo kwako, au mdogo kwa mwenzi wako mkifaili pamoja. Kaka yako mkubwa hawezi kuwa mtoto wako hata akiwa chuoni. Mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi hana kikomo cha umri.

Njia ya ndugu haiulizi umri.

Analala wapi

Kwa mtoto, lazima awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Kuwa bweni, hospitalini au jeshini kwa muda hakuvunji hesabu, mradi nyumbani kwake ni kwako na atarudi. Mtoto aliyezaliwa Desemba 30 huhesabiwa ameishi nawe mwaka wote ikiwa tangu azaliwe nyumba yake ilikuwa kwako.

Hapa ndipo kesi ya mtoto aliyepelekwa kwa bibi inapoamuliwa. Tuseme ni raia wa Marekani, amezaliwa Houston, na wazazi wakaona heri akulie Arusha kwa miaka michache. Ikiwa ameondoka kwa masomo tu na makao yake yamebaki Houston, kuna hoja ya kusema hayupo kwa muda. Ikiwa kweli anaishi kwa bibi na hakuna tarehe ya kurudi, njia ya mtoto imefungwa. Lakini njia ya ndugu bado iko wazi: ni mwanao kwa hiyo yumo kwenye orodha, hahitaji kuishi nawe, uraia anao, kipato hana, na bibi yake hafaili kodi Marekani. Ukithibitisha unamgharamia zaidi ya nusu, unaweza kumweka. Mdogo wake aliyezaliwa Arusha ambaye si raia wala mkaazi anakwama getini, ingawa wanakula sahani moja.

Anaingiza kiasi gani

Kigezo hiki ndicho kinachozitenga njia mbili kuliko vingine vyote.

Kwa mtoto hakuna kikomo cha kipato. Binti wa miaka 17 anaweza kufanya kazi ya likizo na jioni akapata dola 9,000, na bado ukamweka. Kinachoulizwa ni kama hela zake mwenyewe zimelipia zaidi ya nusu ya maisha yake. Akiziweka benki hazihesabiwi.

Kwa ndugu kuna ukuta: kipato ghafi cha mwaka lazima kiwe chini ya dola 5,200. Mwaka 2024 ilikuwa 5,050. Ukuta hauna huruma. Mama akipata dola 5,300 kwa kuangalia watoto wa watu, basi, hata kama wewe unalipa kila kitu kingine. Na ghafi maana yake ni kabla ya makato. Kaka anayeendesha Uber huhesabiwa mapato kabla ya kutoa mafuta. Mama aliye mkaazi wa Marekani na ana vyumba anapangisha Mombasa, pango analopokea kule nalo ni kipato, kabla ya kutoa matengenezo.

Pensheni ya Sosho Sekyuriti isiyotozwa kodi haihesabiwi kwenye ukuta huu. Lakini anayoitumia kujikimu inahesabiwa kwenye kigezo kinachofuata, kwa hiyo haijapotea njiani. Zawadi za watoto wake wengine si kipato.

Nani anamgharamia

Kwa mtoto swali ni jepesi: je, yeye mwenyewe amejigharamia zaidi ya nusu? Kama hapana, sharti limetimia, hata kama sehemu kubwa ililipwa na bibi, mjomba au serikali. Skolashipu ya mwanao anayesoma haihesabiwi kama hela yake ya kujikimu.

Kwa ndugu swali ni zito: je, wewe umelipa zaidi ya nusu ya gharama zake zote? Hapa lazima ukae chini na kalamu. Mfano: mama ana grinikadi, anaishi kwako Columbus, mko watu wanne kwenye nyumba inayopangishwa dola 1,600 kwa mwezi. Fungu lake la nyumba ni 400 kwa mwezi, 4,800 kwa mwaka. Chakula 3,000. Nguo, simu na nauli 900. Bima na hospitali 1,300. Jumla dola 10,000. Yeye alipata 4,000 kwa kazi ndogondogo na akatumia 2,500 kwa chakula chake. Dada yako wa Dallas alilipa bima na hospitali, 1,300. Kilichobaki, 6,200, ni chako. Ni asilimia 62, umevuka, na kipato chake cha 4,000 kiko chini ya ukuta. Mama anaingia.

Angalia kwamba hesabu inaanza na gharama zote za mama, si na ulichotoa wewe. Watu hujumlisha walichotoa, wakaona ni kingi, wakaridhika. Hawajauliza nusu ya nini. Msaada wa chakula wa serikali nao huingia kwenye jumla, na hauhesabiwi kuwa umetoka kwako.

Kuna sharti jingine la njia ya ndugu lisilosahaulika bila hasara: mtu huyo asiwe mtoto anayestahiki wa mlipakodi mwingine. Mpenzi wako ana mtoto, mnaishi wote, naye mama mtu anafaili na anaweza kumweka. Wewe huwezi kumchukua kwa njia ya ndugu, hata kama hela ni yako. Kama mama yake hana wajibu wa kufaili na hafaili, au anafaili ili arudishiwe tu hela aliyokatwa, sheria inalegea.

Unapata nini

Tuwe wakweli, watu wengi huanzia hapa.

Njia ya mtoto ndiyo yenye hela. Aliye chini ya miaka 17 mwishoni mwa mwaka na mwenye Sosho inayomruhusu kufanya kazi anakupa nafuu ya kodi ya hadi dola 2,200, inayotolewa kwenye kodi yenyewe. Ilikuwa 2,000 tangu 2018 hadi 2024, ukiacha 2021 ilipopandishwa kwa mwaka huo tu. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliipandisha, na pia ikataka mzazi naye awe na Sosho, angalau mmoja kama mnafaili pamoja. Hadi dola 1,700 ya hiyo unaweza kurudishiwa hata kama kodi unayodaiwa ni ndogo, ikitegemea ulichofanyia kazi. Halafu kuna nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, ambayo kwa wenye watoto watatu au zaidi inafika dola 8,046. Hiyo inataka wewe, mwenzi wako mkifaili pamoja, na kila mtoto unayemhesabia muwe na Sosho, na mtoto awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Mtoto wa chini ya miaka 13 anafungua pia nafuu ya malipo ya kulelewa mnapokuwa kazini.

Mtoto aliyetimiza miaka 17, au mwenye ITIN, anakupa dola 500. Wa chuo anaweza kukufungulia nafuu ya elimu ya hadi dola 2,500 kwa kila mwanafunzi katika miaka minne ya kwanza.

Njia ya ndugu inatoa dola 500 kwa kila mtu, na hazirudishwi. Zinapunguza kodi unayodaiwa tu. Msamaha wa zamani wa kila mtegemezi, uliokuwa dola 4,050 mwaka 2017, umekuwa sifuri tangu 2018. Wale wanaokumbuka enzi hizo ndio wanaoendelea kuwaambia wenzao kwamba kuweka mzazi kunarudisha hela nyingi.

Ila usiidharau njia hii. Kama hujaoa au hujaolewa, mzazi anayestahiki anaweza kukufanya mkuu wa kaya, yaani ufaili kwa hadhi ya asiye na ndoa anayebeba nyumba. Kiwango cha kipato kisichotozwa kodi kwa asiye na ndoa ni dola 15,750; kwa mkuu wa kaya ni 23,625. Tofauti ni 7,875, na kwa aliye kwenye ngazi ya asilimia 12 hiyo ni kama dola 945 zinazobaki mfukoni, juu ya zile 500. Na mzazi peke yake ndiye asiyelazimika kulala kwako: ukilipa zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha nyumba anayoishi, inatosha. Jamaa wengine lazima waishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Binamu na mchumba hawakupi ukuu wa kaya hata wakiishi kwako miaka kumi.

Pale watu wawili wanapomtaka mtegemezi mmoja

Mtegemezi huingia kwenye ritani moja tu. Wawili wakimtaja, mfumo wa kielektroniki huikataa ritani ya pili, isipokuwa kama mwenye ritani ana namba ya siri ya utambulisho kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani. Baadaye barua huwafikia wote.

Kwa watoto kuna mpangilio. Mzazi hutangulia asiye mzazi. Wazazi wasiofaili pamoja, hutangulia yule mtoto aliyelala kwake usiku mwingi. Usiku ukilingana, mwenye kipato kikubwa. Aliyeishi na mtoto anaweza kumwachia mwenzake kwa kusaini fomu 8332. Anayepokea anachukua ile nafuu ya 2,200, lakini ukuu wa kaya, EITC na nafuu ya malezi hubaki kwa anayeishi na mtoto. Hukumu ya talaka ya miaka hii haitoshi bila fomu hiyo, na hili huwashangaza akina baba wengi. Bibi anayeishi na binti na mjukuu anaweza kumchukua mjukuu ikiwa mama mtoto hamweki kwenye ritani yake na kipato cha bibi ni kikubwa kuliko chake.

Kwa wazazi, hali ya kawaida ni ndugu kuchangia. Turudi Columbus. Tuseme dada wa Dallas ameongeza mkono: yeye 3,500, wewe 4,000, mama mwenyewe 2,500. Hakuna aliyevuka nusu. Lakini nyinyi wawili mmetoa 7,500 kati ya 10,000, na kila mmoja amevuka asilimia 10. Mnaruhusiwa kukubaliana mmoja amweke, mwingine asaini kwamba amekubali, kwa fomu 2120. Mwakani mnaweza kubadilishana. Hasara yake ni kwamba mzazi aliyeingia kwa makubaliano haya hakupi ukuu wa kaya. Kama mmoja wenu hana ndoa na mwingine anayo, inalipa kuzungumza mapema mwaka ungali mbichi, asiye na ndoa abebe zaidi ya nusu peke yake na wengine wabebe mengine ya familia. Huo ni mpango halali, si ujanja.

Ipi inamfaa nani

Mwenye watoto wadogo nyumbani, wa kwake au wa ndugu zake wa damu, aanze na njia ya mtoto na asiiache mpaka kigezo kimoja kimkatae wazi. Atunze barua ya shule na ya kliniki zinazoonyesha jina la mtoto, anwani na mwaka. IRS huuliza makazi kuliko kitu kingine, na barua ya shule yenye anwani ya zamani imeshawasumbua watu wengi.

Mwenye mwanafunzi wa miaka 19 hadi 23: mtoto, maadamu anasoma muda wote. Kijana mwenyewe anaweza kufaili ili arudishiwe aliyokatwa kazini, lakini lazima aweke alama kwamba kuna mtu anayeweza kumweka kama mtegemezi. Hapo ndipo ritani ya mzazi hukataliwa, kijana akishakimbilia kufaili kwenye simu bila kusoma. Kuhesabiwa mtegemezi kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada ya chuo, ni jambo jingine lenye masharti yake.

Akiacha chuo mapema mwaka huo, au akitimiza 24, mpime upya kwa njia ya ndugu. Akiwa kazini, karibu kila mara ule ukuta wa 5,200 utamtoa, na ni sawa; muda wake wa kujifailia umefika.

Mwenye mzazi aliyehamia kwa grinikadi na hana kazi: ndugu. Kusaini fomu ya udhamini I-864 hakumfanyi mzazi kuwa mtegemezi wa kodi. Hesabu ya nusu bado inatakiwa. Kama mnatumia bima ya afya ya soko la serikali, ulizia kwanza, kwa sababu ukubwa wa kaya hufuata ritani.

Mwenye mzazi anayekuja na kurudi kwa visa: hesabu siku kwanza. Hizo dola 500 na usumbufu wa W-7 hazilingani kwa kila mtu. Asiye na ndoa anaweza kuona inalipa kwa sababu ya ukuu wa kaya; wanandoa wengi hawataona.

Anayeishi na binamu au mchumba asiye na kazi: ndugu, kwa mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Aliyefika Machi asubiri mwaka ujao.

Wote walioko nyumbani Afrika Mashariki bila uraia wala ukaazi wa Marekani: hakuna njia. Anayekuahidi ataipata, hasa kwa malipo ya asilimia ya hela utakayorudishiwa, anatumia jina lako, na jina litakaloitwa ni lako. Ikionekana ulidai nafuu kwa kutojali masharti unaweza kufungiwa nafuu hizo kwa miaka 2, na kwa udanganyifu miaka 10. Vituo vya VITA, vinavyofaili bure kwa wenye kipato cha kawaida, hufunguliwa kila msimu katika maktaba na vituo vya jamii. Nenda na kadi za Sosho au barua za ITIN za wote, fomu W-2 (ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri), na ile karatasi ya hesabu ya gharama uliyoandika kwa mkono wako.